Drone yangu ilinipa jina la Chabo Manzese, mpaka siku Mama Shani mwenyewe aliposema "irushe"

Wakuu, salamu kwenu nyote, mnaosoma mkiwa kazini na mnaojifanya mko kazini.

Humu mimi ni msomaji zaidi, kuandika ni mara chache. Leo nimekuja na kisa changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu na sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wahusika bado tunakunywa chai pamoja.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo Manzese, ukiacha Morogoro Road ukapita kwa mafundi vyuma unanikuta. Kulala nalala Kimara. Kazi zangu ni passport size, ubatizo, maulidi na sherehe za mtaani.

Drone nilikuwa naiota miaka, na mwaka jana nikaipata. Kabla hamjaniuliza kwenye comments: usajili upo, kibali kipo, nilikifuatilia ofisini kwao mpaka walinzi wa getini wakanijua kwa jina. Na upande wa Segerea sikusogea kabisa. Nipige picha gereza kwa juu halafu niishie kulikagua kwa ndani? Hapana.

Wiki ya kwanza nilirusha kwetu Kimara.

Wakuu, acheni. Nimeishi pale miaka tisa na sikujua kama tunaishi mahali pazuri vile. Migomba mabondeni, mabati mekundu na ya bluu yamepandana kilimani, mabasi ya mwendokasi yanateleza katikati ya barabara. Nimekaa juu ya ndoo naangalia skrini, nikajikuta nacheka peke yangu. Mke wangu akatoka jikoni kuuliza naongea na nani.

Nikaamua nifanye mradi. Kila mwenye drone Dar anakimbilia Posta na darajani. Mimi nilitaka mitaa yetu, huku ambako hakuna anayekuja na kamera. Ya kwanza ikawa Manzese, mtaa wenye studio yangu.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilipandisha drone kutoka mlangoni pa studio, nikaona ua mmoja una picha ya ajabu: karai la vitumbua bado linafuka moshi, khanga nne kwenye kamba, kuku wamejipanga kivulini. Nikashusha drone kidogo nipate mwanga vizuri. Nikashusha tena.

Sasa mliokulia uswahilini mnajua, bafu nyingi za uani hazina paa. Ukuta ni mabati au matofali, juu ni mbingu. Na mimi nalijua hilo, nimekoga humo miaka yangu ya kwanza nilipotoka Iringa. Ila macho yalikuwa kwenye mwanga tu.

Kwenye skrini nikaona beseni.

Halafu povu. Halafu uso wa mtu unatazama juu, moja kwa moja kwenye kamera.

Naapa niliona uso na povu tu, maana nilivuta drone juu kwa nguvu zangu zote. Kopo la maji lilirushwa likaikosa kidogo. Kwa kuchanganyikiwa nikabonyeza kile kitufe cha kuirudisha ilikotoka, na hilo likawa kosa la pili. Ilirudi polepole, inalia kama mzinga wa nyuki, na mtaa mzima ukaifuata kwa chini mpaka mlangoni kwangu.

Aliyekuwa mbele ni Mama Shani, mwenye bafu lile, mama muuza vitumbua, mtu mzima wa hamsini na kitu, mzaliwa wa palepale. Khanga mbili, povu sikioni, mwiko mkononi.

"Wewe mwanaume mzima, kwenu hakuna bafu?"

Watu wakaanza kuita "Chabo! Chabo!", na wote tunajua mpiga chabo ni mtu gani, mchungulia watu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Mzee Kibwana, akaja, akanisimamia nikafuta kila kitu mbele za watu, akatangaza kwamba drone ni marufuku katika mtaa wake. Nashukuru Mungu sikupigwa.

Jina likabaki. Watoto wakitoka shule: Chabo. Bodaboda: Chabo. Hata fundi aliyekuja kurekebisha taa ya studio aliniuliza kama yeye yuko salama.

Hayo ningeyameza. Kilichoniumiza ni mama mmoja aliyemleta binti yake kupiga passport ya shule. Alifika mlangoni, mtu akamnong'oneza, mama akaniangalia, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Nilifunga studio mapema siku hiyo. Kazi yangu inategemea mtu akae mbele yangu atulie. Mwanamke akiogopa kukaa mbele yangu, nimekwisha.

Nilienda kuomba radhi. Mara ya kwanza Mama Shani alipokea shikamoo yangu akafunga mlango. Mara ya pili alinisikiliza nimesimama, hakunipa kigoda.

"Kilichoniudhi si kamera," akasema. "Ungepiga hodi ukasema mama, nataka kupiga picha uani kwako, mie ningevaa kitenge changu nikakaa. Wewe umeingia kwa juu. Hukupiga hodi."

Alikuwa na haki, na nilijua ana haki.

Basi, mvua zikaanza.

Mnajua mchezo wa watu wa Dar mvua ikinyesha. Kuna wenye nyumba wanasubiri mawingu kama mkulima, yakifunguka tu wanatapisha choo. Uchafu wote wa shimoni unaachiwa mtaroni uende na maji ya mvua, wenzao wa chini watajijua.

Mtaro wa mtaa wetu unapita nyuma ya nyumba, ukuta kwa ukuta, hapapiti mtu. Unakuja kutokea mahali pa wazi karibu na kwa Mama Shani, halafu unashuka kwenye kisima ambacho nusu ya mtaa inachota. Mvua tatu mfululizo maji yalitokea meusi na harufu isiyosemeka. Watoto wawili watatu wakaumwa matumbo.

Na kwa sababu uchafu unaonekana kwa Mama Shani, na ana bomba la zamani la bafu linalotazama mtaroni, wakasema ni yeye. Vitumbua vyake vikaanza kulala. Mtu aliyeamka saa tisa usiku miaka ishirini kuumua unga, leo anabeba deli la vitumbua limejaa kurudisha ndani.

Aliyelishikia bango zaidi jambo hilo alikuwa Bwana Ndimbo, mwenye nyumba ya vyumba vingi vya kupangisha, ukuta mrefu, geti la kijani, upande wa juu mtaro unakotokea. Mtu wa kuheshimika, kila mkutano yuko benchi la mbele. Akataka choo cha Mama Shani kifungwe na biashara ya chakula isimame.

Mkutano ukaitishwa. Siku yenyewe mvua ikanyesha tangu alfajiri, kwa hiyo tukahamia kwenye kibanda umiza, pale tunapoangalia mpira. Benchi zimejaa, TV kubwa imezimwa mbele. Nami nilienda, nikakaa nyuma na begi langu, hakuna aliyenipisha.

Bwana Ndimbo aliongea vizuri sana. Mama Shani alisimama akasema sentensi moja: "Choo changu kina miaka miwili tangu kinyonywe na gari, hakijajaa, njooni mtazame." Watu wakaguna. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono choo kifungwe, mikono ikaanza kupanda.

Nikanyoosha wangu.

"Mheshimiwa, kabla ya kufunga choo cha mtu, kwa nini tusiangalie mtaro wote kwa juu? Mvua imekatika sasa hivi. Maji bado yanapita."

Kibanda kikalipuka. "Chabo kaa chini!" Mwenyekiti akanikumbusha kwamba kile kidude alishakipiga marufuku.

Mama Shani akageuka. Akalitazama begi langu.

"Hiyo nyuki yako inaona mpaka mtaroni?"

"Inaona, mama."

"Irushe."

Mwenyekiti akaanza kusema marufuku ni marufuku. Mama akamkata: "Mwenyekiti, bafu lile ni langu na aliyechunguliwa ni mie. Mie nimeruhusu, nani mwingine anadai?"

Mwenyekiti akakaa.

Nikafungua begi. Lakini Mama Shani akaniwekea kiganja kifuani. "Ngoja. Kwanza hodi."

Akatoka nje, akachukua sufuria na mwiko kibarazani kwake, akapita uchochoro mzima anagonga: "Hodi jamani! Walioko bafuni tokeni, drone inapita!" Milango ikafunguka. Akatoka jamaa mmoja na taulo, sabuni kichwani, anauliza kuna moto wapi. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akashika mbavu.

Nikachomeka waya kwenye TV, nikasimama mlangoni, nikapandisha.

Wakuu, mtaa mzima ulikaa unajitazama. Kuna bibi alisema "kumbe paa langu limetoboka vile!", akanyamazishwa. Nikafuata mtaro kutoka juu kabisa. Maji ya udongo tu, rangi ya chai ya maziwa. Nyumba ya kwanza, chai ya maziwa. Ya pili, ya tatu, chai ya maziwa.

Tukafika nyuma ya geti la kijani.

Bomba nene la bluu lilikuwa limening'inizwa juu ya ukuta, linamwaga. Kuanzia hapo kushuka, mtaro wote mweusi kama oili chafu.

Vichwa vyote vikageuka kwa Bwana Ndimbo. Jamaa hakutikisika. "Hiyo ni video imetengenezwa. Siku hizi vijana wanatengeneza chochote kwenye kompyuta, mmemsahau huyu ni nani?"

Na kweli, wakuu, nikaona watu wanayumba. Mwenyekiti anakuna kidevu. Jina la Chabo lilikuwa bado linafanya kazi. Na mimi sikuwa na namna ya kuthibitisha kwamba ile ni laivu.

Uthibitisho alinipa Bwana Ndimbo mwenyewe.

Wakati watu wanabishana, akainama, simu sikioni, mkono umeziba mdomo. Mimi sikuzungusha drone, niliiacha palepale hewani. Sekunde chache tu, kwenye TV akatokea mlinzi wake, fulana nyekundu, anakimbia uani. Akashika bomba, akalivuta. Likamponyoka, likamwagia miguuni. Akalivuta tena mpaka likaingia lote ndani ya ukuta.

Halafu akasikia mlio. Akatazama juu. Akavua kofia akajifunika uso.

Mwanamke aliyekaa nyuma ya Bwana Ndimbo akasimama juu ya benchi: "Nimemsikia mie! Kasema 'toa bomba haraka, wanaliona!'"

Mmeshawahi kuwa kibanda umiza timu yenu ikisawazisha dakika ya tisini? Zidisha. Benchi mbili zilivunjika. Watu ambao mwezi mzima hawakunipa mkono walinibeba juu juu, mimi nalia "rimoti jamani, rimoti, drone bado iko hewani!" Niliishusha nikiwa mabegani mwa mtu. Ninarusha vizuri kuliko nilivyodhani.

Bwana Ndimbo alitafuta mlango, akaukuta umejaa wapangaji wake mwenyewe.

Mama Shani hakushangilia. Alikaa chini, akajifunika khanga usoni, akalia. Nami machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika hapa.

Kesho yake bwana afya alikuja akaenda moja kwa moja geti la kijani. Gari la majitaka likafuata, likanyonya mchana kutwa huku watoto wamepanga mstari wanatazama. Bwana Ndimbo akaamriwa kusafisha mtaro mpaka kisimani, na mbele ya mkutano mwingine akamwomba radhi Mama Shani kwa mdomo wake. Vitumbua vya kesho yake viliisha saa moja asubuhi, mimi nilikosa.

Yule mama wa passport alirudi na binti yake. Alikaa yeye kwanza kwenye kiti, akatengeneza ushungi, akasema "anza na mimi." Wakuu, nimepiga picha za maharusi wengi, ila ile passport size ndiyo picha ninayojivunia.

Jumapili iliyofuata nikapiga hodi kwa Mama Shani. Alikuwa ameshavaa kile kitenge. Akakaa katikati ya ua wake, karai pembeni, uso juu kwenye kamera ileile, safari hii anacheka. Nikaona bafu lina bati jipya.

"Umeezeka, mama?"

"Usijipe umuhimu. Nimeezeka kwa ajili ya mvua."

Picha ile nimeifremu, iko sebuleni kwake, juu ya TV. Yeye naye alinipa ile sufuria, na mwiko wake. Ndani ya begi langu la drone leo kuna betri tatu, mapangaboi ya akiba na sufuria iliyobonyea. Nikifika mtaa wowote, uwe Tandika, uwe Mbagala, nazunguka kwanza nagonga. Wateja wa harusi wananiuliza sufuria ya nini, nawaambia ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote humo.

Nilichojifunza ni hicho tu. Uzuri wa mitaa yetu upo, ila uzuri huo unaishi ndani ya nyua za watu, na watu hao wana mlango. Nilikuwa naujua mlango huo tangu utotoni, nikausahau siku niliyopata mbawa.

Jina la Chabo bado ninalo. Siku hizi Mama Shani ndiye anayeniita hivyo kwa sauti kuliko wote, na naitika.

Nawe kama kamera au ufundi wako ulishakuingiza matatani na majirani, shusha kisa chako hapa chini. Sufuria nimeshagonga, walioko bafuni tokeni, uwanja ni wenu.