Duara Jekundu Kapata

Baba yangu alikuwa na mwandiko mzuri, na kwa sababu hiyo kampuni ilimkabidhi daftari la nyumba za Kapata, mtaa wa wafanyakazi wake wa mgodi pale Kolwezi. Lilikuwa daftari kubwa lenye jalada jeusi. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne: nambari ya nyumba, jina la mfanyakazi, idadi ya watoto, na kijiji cha asili. Safu ya nne aliiongeza yeye mwenyewe. Mfanyakazi mmoja alikuwa amefariki mgodini, na maiti yake ikangoja siku sita kwa kuwa hakuna aliyejua habari ipelekwe wapi. Baba aliona aibu. Jumapili baada ya misa alipita mlango kwa mlango akiuliza kila mtu asili yake ni wapi, nami nikamfuata nikiwa nimebeba chupa ya wino.

Watu walijibu kwa furaha. Walitaja mito, vilima na majina ya machifu. Jirani yetu, mama wa kutoka mkoa wa Kasai aliyenisuka nywele kila Jumamosi, alisimama nyuma ya baba na kumchungulia begani.

"Andika muzuri, tata. Njo kule mutanipeleka siku ya mwisho."

"Mama, weye utatuzika siye bote," baba alimjibu, na wote wawili wakacheka. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita tata wa kitabu, yaani baba wa kitabu.

Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mishahara ilichelewa, halafu ikakoma. Mashine zilisimama, na hasira ya watu ikatafutiwa mwenye kosa. Wakubwa wa mkoa walisema kwenye mikutano kwamba watu wa Kasai ndio walioshika kazi zetu, na kwamba warudi kwao. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa, katika hospitali ya kampuni, kama mimi.

Jumamosi moja asubuhi vijana wanne walibisha hodi kwetu. Walisalimia vizuri. Mmoja wao alikuwa akiimba kwaya pamoja na baba. Walivua kofia, wakaketi, wakapewa maji.

"Tata, tunataka tu kuona kitabu."

Baba alipangusa meza kwanza, ndipo akaliweka daftari. Hawakuhitaji kumuuliza lolote. Kidole kilishuka kwenye safu ya nne, na kila kilipokuta kijiji cha Kasai kiliruka hadi safu ya kwanza, na nambari ya nyumba ikanakiliwa. Hawakumaliza hata saa moja. Walimshukuru, wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimeketi kati ya magoti ya jirani yetu, nusu ya kichwa changu ikiwa imesukwa, watu walipoingia uani wakiwa na fimbo, na chaki ya kutia alama milangoni. Alipewa muda wa kufunga mizigo aliyoweza kubeba kichwani. Mama yangu ndiye aliyenifumua nywele jioni ile. Familia zile zilikaa kwenye uwanja wa gari la moshi majuma mengi zikingojea mabehewa, na tukasikia kwamba watoto walikuwa wakifa kwa kuhara. Jirani yetu sikumwona tena. Baba alilizungumzia jambo hilo mara moja tu, miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa. "Mi sikusema kitu," alisema. "Balisoma beye benyewe."

Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba mimi, kuliko mtu mwingine yeyote Kolwezi, nilipaswa kujua.

Nilisomea jiografia Lubumbashi, nikarudi kufundisha katika chuo kimoja cha mji wetu. Miaka michache iliyopita malori ya madini yalikuwa yameijaza barabara kuu kiasi kwamba teksi zilisimama saa nzima zisisogee. Chama cha madereva kilitaka mji uwajengee vituo na uwatengenezee njia ya pembeni, lakini kila walipokwenda kulalamika waliambiwa walete ushahidi. Nikawaambia kwamba ushahidi naweza kuuchora. Tungeweka chini ya kiti cha kila teksi kifaa cha GPS, kidogo kama kiberiti, ambacho kingeandika gari liko wapi kila baada ya sekunde chache. Miezi mitatu ingetosha.

Madereva thelathini walikusanyika kunisikiliza. Mmoja, mnene na mcheshi, alikigeuzageuza kile kifaa mkononi.

"Mama mwalimu, hii kidude itasema na biro yangu ya pili?" Hivyo, yaani ofisi ya pili, ndivyo wanaume wa kwetu wanavyomwita mpenzi wa nje ya ndoa.

"Biro ya pili!" mwenzake akadakia. "Weye hata ya kwanza ilikushinda!"

Waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Kisha nikawaahidi kwamba hakuna jina litakaloonekana popote. Kila gari lingekuwa na nambari tu. Orodha ya kulinganisha nambari na majina ingebaki kwenye daftari langu la shule, ndani ya droo iliyofungwa kwa ufunguo. Chama kiliomba niandike pia ndugu wa kuarifiwa ajali ikitokea, na mahali anapoishi. Nikaona ni jambo la utu. Nikaandika.

Ramani ilipokamilika niliibandika kwenye ukuta wa ofisi ya chama. Nakiri kwamba niliipenda. Safari elfu na elfu zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine, na mji wangu, ambao nilidhani naujua, ukatokea kwenye karatasi nyeupe bila barabara yoyote kuchorwa kwa mkono. Mahali ambapo magari yalisimama kwa muda mrefu, kompyuta iliweka duara jekundu. Maduara yaliangukia sokoni, hospitalini, kwenye njia ya Fungurume. Moja, dogo lakini jekundu sana, lilikuwa Kapata, mwisho wa safu ya nyumba za kampuni. Nilikuwa nimeandika pembeni yake kwa fahari: *kituo kinachopendekezwa*.

"Pale hatusimamaka," alisema dereva mmoja. "Hakuna kituo pale."

"Basi ni biro ya pili ya nani?" yule mcheshi akauliza. Kicheko kikazuka tena. Bwana mmoja wa ofisi ya mji, aliyealikwa kuangalia kazi, aliinama na miwani yake akalitazama duara lile kwa makini. Nyuma ya wote, dereva mwembamba wa miaka kama arobaini alikuwa akitazama sakafu.

Kesho yake dereva huyo alikuja chuoni. Hakukubali kuketi.

"Mama, ile duara ni yangu. Naomba uitoleshe."

Nilimwambia, kwa upole nilioudhani ni upole, kwamba mambo ya nyumba yake hayanihusu.

"Haiko mwanamuke," alisema. "Ni mama yangu."

Alinieleza akiwa amesimama. Walifukuzwa Kapata yeye akiwa mtoto. Mdogo wake alifia kwenye uwanja wa gari la moshi. Alipokuwa mtu mzima alirudi peke yake kutafuta kazi, akazungumza kama sisi, akanyamaza kuhusu kwao. Mwaka uliotangulia mama yake naye alirudi. Alitaka afie mahali mumewe alipozikwa. Mama mmoja wa kanisa lao alimpokea nyumbani kwake Kapata, na mtaa ukaambiwa kwamba ni mama mzee kutoka Kisenge, mji wa mkoa wetu. Kila siku saa nne za asubuhi mwanawe alimpelekea chakula, akakaa naye robo saa. Robo saa hizo, zikirundikana kwa miezi mitatu, ndizo zilizokuwa duara langu.

"Maneno imeanza tena mu cité," alisema. "Umeona mwenyewe bile banaandika ku bibambaza. Bakiuliza ule mama ni nani, bataniuliza na mi."

Nilikuwa nimeyaona yameandikwa kwenye kuta za mtaa: watu wa Kasai warudi kwao. Nilimwahidi kwamba nitalifuta.

Alasiri ileile, kabla sijafungua kompyuta, yule bwana wa ofisi ya mji aliingia. Wanajeshi walikuwa wamewaondoa wachimbaji wadogo kwenye eneo la mgodi mmoja, na ofisi yake ilitaka kujua ni teksi zipi zilizobeba magunia yao, na zilisimama wapi. Aliomba mafaili yote pamoja na orodha ya nambari. Alikuwa mtu wa adabu. Alisema barua rasmi itafika Jumatatu.

"Si kwa ubaya, mama. Tunataka tu kuona."

Nilikuwa nikitazama meza yangu. Ilikuwa safi, lakini mkono wangu ulikuwa ukiipangusa.

Alipoondoka nilifikiri kwanza kuliondoa gari moja tu. Lakini mahali palipong'olewa kitu huonekana, na yeyote ambaye angehesabu magari angekuta ishirini na tisa, kisha angeuliza la thelathini ni la nani. Nikafuta yote: mafaili, nakala, miezi mitatu. Nyumbani nilichana kurasa za daftari langu la shule nikazitia kwenye mbabula, lile jiko letu dogo, juu ya makaa yaliyokuwa yakisubiri sufuria ya maharagwe. Ziliungua upesi sana. Nilifikiri jinsi daftari la baba nalo lingeungua, na jinsi muda wa vijana wale kunywa glasi moja ya maji ulivyotosha kwa kazi hiyo.

Jumatatu bwana yule alikuja na barua yake, nami nikamwambia hakuna kitu. Aliitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Mama, umeharibu kazi ya mji," alisema, na sikuweza kumbishia. Maombi ya vituo yalikufa hapo. Malori bado yanaijaza barabara kuu, na madereva kadhaa hawanisalimii tena. Wana haki.

Nilimtafuta yule dereva sokoni, kwenye foleni ya teksi, nikamwambia kwamba kila kitu kimefutwa, hata jina lake. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono mmoja ukiwa juu ya usukani.

"Aksanti, mama," alisema. Kisha, bila ukali wowote: "Na kichwa yako? Nayo umefuta?"

Abiria wakaingia, akaondoka.

Nilikaa mwezi mzima kabla ya kwenda Kapata. Nilikwenda kwa miguu, nikapita nyumba tuliyoishi, nikafika mwisho wa safu. Mwanamke wa makamo, bila shaka yule mama wa kanisa, alikuwa akifagia uwanja. Nilimsalimia, nikaulizia habari za mama mzee.

"Ule wa Kisenge? Alirudi kwabo."

"Lini?"

"Siku mingi, karibu mwezi. Mutoto wake alikuja na gari asubuhi, akamubeba." Aliegemea ufagio, akanitazama usoni kwa namna ya watu wa Kapata, ambao hutafuta sura ya mzazi ndani ya sura ya mtoto. "Na weye? Weye mutoto wa nani?"

Ningeweza kutaja chuo, au mtaa ninaoishi sasa. Nikataja jina la baba.

Alifikiri kidogo.

"Tata wa kitabu?"

"Ndiyo," nikamjibu.

Aliinama, akaendelea kufagia, na hakuinua kichwa mpaka nilipoondoka.