Ile dimanche filme ilipokosa sauti

Sisi tuliokulia Butembo, filme ilikuwa inaingia nyumbani ndani ya mufuko wa suruali. Tulipeleka flash kwa kijana wa kompyuta karibu na soko, anaijaza, tunarudi mbio kwenye vumbi jekundu mbele courant ya umeme ikatike. Picha ya kuchagulia haikukuwa. Tulisoma jina tu, refu, lenye herufi na namba. VF: banasema Kifaransa. CAM: mutu aliiba filme kule kwenye salle ya sinema, mukono unatetemeka, vichwa vya batu vinapita mbele. 1080: picha safi. Batoto ba leo banagusa kioo tu, na ikikawia kidogo banakasirika.

Mwaka papa yetu alipokufa, mama alinyamaza. Alienda shamba, alipika, lakini kucheka, hapana. Ilituumiza sana. Dada yangu Masika akasema, "Tumutafutie filme ya kuchekesha." Dimanche kisha misa tukachagua moja: VF, 1080, na kwa mwisho wa jina DTS. Hiyo DTS hatukuijua, mais kwetu herufi nyingi zilionyesha filme ni ya maana.

Tukakaa kwenye mukeka, bugali na majani ya sombe mbele yetu. Picha ikakuja safi kabisa. Sauti, hapana. Nilijua nyuma ya miaka mingi kwamba DTS ni aina ya sauti ambayo kamashini ketu ka filme hakakuweza kusoma. Masika alichomoa waya, akarudisha, akapiga kamashini pembeni.

Kwenye kioo, mwanaume munene wa kravati alikuwa anagombeza bibi yake mezani. Mama akamutazama, akaanza kusema kwa nafasi yake, kwa Kinande chetu, na sauti ya jirani yetu kabisa: "Maharagi hii hata mbuzi atakataa." Bibi naye, kwa mudomo wa mama, akajibu, "Basi kula kravati yako." Mama akawasemea bote mpaka mwisho, anacheka, anapangusa macho na kitambaa. Sijawahi tena kuona filme nzuri vile.

Sasa ninaishi Beni, commune ya Ruwenzori. Mama tulimuzika mwaka jana. Binti yangu Kavira anabadilisha lugha ya filme na kidole kimoja, ananicheka kwa sababu ningali nasoma jina lote mpaka mwisho. Dimanche iliyopita nilimwambia azime sauti.

"Mais papa, tutasikia nini?"

Kwenye kioo, mwanaume mumoja alikuwa anakula. Nikasema ile ya maharagi na mbuzi. Kavira akacheka sana, akanigeukia, akangojea ingine. Nikasema ile ya kravati; zingine zote mama alienda nazo.