Kingo Nilizokata za Kitabu cha Irlandi

Siku ya kwanza ya kazi nilifika kwenye karakana ya kufunga vitabu, kule maktaba ya chuo kikuu cha Burundi, mtaa wa Mutanga, nikiwa nimevaa shati la kuazima kwa shemeji. Nilitoka Musaga kwa miguu, kwa kuogopa basi litanichelewesha, nikafika kabla ya mlinzi. Shule yangu ni darasa la nne, na hilo nalo nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Shefu wa karakana, mwanaume mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, hakuuliza diploma. Aliangalia mikono.

"Umeshawahi kushona?"

"Nguo, Shefu."

"Kitabu nacho ni nguo. Tofauti, chenyewe hakiendi misa. Ikala hapo."

Nikakaa mpaka pensheni.

Vijana wa leo mnabonyeza tu mashini. Sisi tulikunja karatasi mafungu mafungu, tukayashona kwa sindano na uzi uliopakwa nta, tukapaka mgongo gundi ya moto iliyonuka kama kwato. Mwisho kabisa kitabu kiliingia kwenye masiko, ile mashini yenye kisu kirefu cha kusawazisha kingo. Shefu alikuwa na sheria moja: kitabu kisichopita masiko hakitoki mlangoni. Vipande vilivyokatwa, vyembamba kama tambi, tulimwekea Mama Domitila, mama wa Uvira aliyekaa Gatumba na kuuza mahindi ya kuchoma getini. Aliwashia navyo moto kwenye imbabura yake, lile jiko la makaa. Nasi tulipata hindi la bure, siwafichi.

Sasa, Profeseri wa siasa alileta kozi yake. Alisomea Irlandi, kisiwa cha mvua huko Ulaya, na kozi ilieleza jinsi watu wa kule walivyofikiri juu ya nchi yao tangu zamani walipotawaliwa na Waingereza. Karatasi zilikuwa zimepigwa taipu, nakala moja tu. Nikashona, nikapaka gundi, nikapitisha kwenye masiko. Kitabu kikatoka kimenyooka, mpaka Shefu akakipigapiga mgongoni kama mtoto aliyeshiba.

Profeseri alipokifungua alikaa chini bila kuambiwa.

"Umekata maneno yangu," akasema.

Kweli. Miaka yote aliyofundisha, alikuwa akiandika kwa kalamu pembeni, mpaka ukingoni kabisa. Taipu ilikuwa ya wanafunzi. Fikra zake mwenyewe zilikuwa pale pembeni. Mi sikuangalia. Mfunga vitabu hasomi, anaangalia kama karatasi zimelingana.

Shefu akaniambia polepole, na upole wake ndio ulionitisha: "Akiandika barua kwa Direkteri, we unarudi kushona nguo."

Nikakimbia getini. Mama Domitila alikuwa amechutama anapuliza.

"Mama, karatasi za asubuhi ziko wapi?"

"Ziko mu moto, baba. Na zingine mu mufuko. Kuna nini? Mulikata noti za franga?"

"Nimekata akili ya mutu!"

"Yoo! Na vile zinawaka muzuri."

Mfuko mzima ulikuwa umebaki. Kiasi cha kiganja ndicho kilichokuwa kimeungua. Nikaukumbatia mfuko kama mtu aliyeokoa mbuzi kwenye mafuriko. Na huyo mama, nimtaje hapahapa nisije nikasahau, mafuriko yalimchukulia nyumba Gatumba baadaye. Siku hizi anakaa jirani yangu Musaga, na bado ananicheka.

Kazi ya kurudisha ilikuwa hivi: unatafuta kichwa cha herufi kwenye kipande na mkia wake kwenye ukurasa, unavikutanisha, unabandika kwa karatasi nyembamba na uji wa unga, maana gundi ya moto inageuza karatasi rangi ya chai. Maneno yalikuwa ya Kifaransa, na changu kilikuwa cha sokoni. Profeseri akaona nitachukua mwaka, akaanza kuja kila adhuhuri, anasoma kipande kwa sauti, ananifasiria, mi nabandika.

Ndivyo nilivyosoma chuo kikuu.

"Huyu wa kwanza kwenye kozi," akasema, "alitaka Mkatoliki na Mprotestanti waweke chini majina hayo, wachukue moja la nchi."

"Walikubali?"

"Wengine. Wengine mpaka leo apana."

Sisi wa Burundi jambo hilo hatuhitaji kufasiriwa.

Kwenye vipande vilivyofuata akaja mwanasheria aliyekusanya umati mkubwa na kukataza damu. Wakaja vijana wa gazeti waliosema nchi ni nyimbo na historia yake. Wakaja wa viapo vya siri na bunduki, wa kudai mashamba, wa kudai lugha ya mababu irudi shuleni. Akaja mtu wa wafanyakazi aliyeuliza: mkibadilisha bendera na tajiri akabaki yuleyule, mmebadilisha nini?

"Huyo," nikasema, "ningemfungia kitabu kwa ngozi."

Profeseri akacheka mpaka kipande kikaruka mezani.

Mfuko ulipoisha tukajua kilichoungua: kingo za sura ya mwisho, ile ya nchi ikishapatikana iendeshwe vipi. Nikangoja ile barua ya kwenda kwa Direkteri.

Profeseri akasema, "Bandika karatasi nyeupe, pana. Hapo wenyewe wa kule bado wanabishana. Hata mimi nilikuwa nafuta na kuandika upya."

Barua haikuandikwa.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya pensheni kitabu kilirudi karakana kutoka kwenye rafu za wanafunzi, mgongo umelegea. Profeseri alikuwa ameshatuacha. Nikafungua sura ya mwisho: zile kingo nyeupe zilikuwa zimejaa. Mwaka hadi mwaka wanafunzi wameandika, huyu anampinga yule, kalamu za kila rangi, mpaka ukingoni kabisa.

Nikashona upya, nikapaka gundi. Shefu mpya, msichana mwenye diploma, akaonyesha masiko. "Muzee, hicho hakijapita."

"Hiki hakipiti, Shefu."

Akaangalia ndani, akaangalia nywele zangu nyeupe, akaniachia. Kikatoka mlangoni kingo zimepindapinda, cha kwanza na cha mwisho kutoka hivyo mikononi mwangu.

Kabla sijakitoa nilitafuta nafasi ndogo iliyobaki kwenye ukurasa wa mwisho. Nikachonga kalamu ya risasi, nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la nne: *Hapa nilikata mimi.*