Unadaiwa Kodi

Kwa miaka minne Baba Pacha, fundi makochi, alifuta ujumbe uleule kwenye simu yake. "Unadaiwa kodi. Fika ofisini." Anafuta. Miezi ikipita, huo tena. Anasonya, anafuta. Alijua fika nani anamsumbua: mwenye nyumba wa duka lake la zamani, ambaye tayari alichukua makochi mawili na cherehani nzito badala ya kodi ya pango. Mtu gani huyu asiyeshiba! Na kwa kuwa habari za kodi ile hakutaka mkewe azisikie hata kwa bahati mbaya, kila alipofuta aliigeuza simu kifudifudi mezani.

Siku hizi alikuwa hospitali. Si kulazwa, la, kushona. Magodoro, viti vya kusubiria, kiti cha daktari mkuu kilichotoboka, vyote vilipita mikononi mwake, kwa mkataba wa miezi sita sita. Jumatatu moja bibi wa ofisi ya ajira akamwita: nafasi ya kudumu ni yake, pamoja na bima ya familia nzima. Alete tu hati ya kutodaiwa kodi, mwisho Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

"Anaiandika mwenye nyumba?" akauliza.

Bibi yule akacheka mpaka akavua miwani. "Kodi ya serikali, fundi! Nani kakuuliza habari za pango?"

Siku ile alishona mto mmoja ndani nje, akaufumua, akaushona ndani nje tena. Alitoka mara tatu kunywa maji bila kiu. Namba ya ujumbe wa karibuni, ambao alikuwa bado hajaufuta, alipoitazama vizuri, haikuwa ya mwenye nyumba hata kidogo.

Jumanne alifika ofisi ya kodi kabla geti halijafunguliwa. Karani wa dirisha la tatu, binti mpole mwenye vidole vya haraka, akamweleza kwamba duka lake liko wazi. Kwenye mashine yao lilikuwa likitengeneza makochi miaka yote hiyo, na kila mwaka walilikadiria kodi kubwa zaidi. Baba Pacha alitamani kukutana na huyo fundi wa kwenye kompyuta, maana mambo yake yalikuwa yamemnyookea kweli.

"Nililifunga, mwanangu."

"Huku hukulifunga, baba. Ulitakiwa uje utuambie."

Njia ilikuwepo. Mwaka wa mwisho, ule aliofanya kazi kweli bila kupeleka hesabu, ataulipa, hilo halina mjadala. Miaka mingine itafutwa akileta barua ya mwenye nyumba inayoeleza duka lilifungwa lini na kwa nini, pamoja na mtu mzima wa nyumbani kwake, aje mwenyewe athibitishe.

Mtu mzima wa nyumbani alikuwa mmoja tu. Na yeye, kama ndugu wote, aliambiwa kwamba Baba Pacha alichoka na kazi ya kujiajiri, akafunga kwa hiari yake. Mama Pacha alimsihi sana asifunge. Alikuwa tayari kutoa akiba yake yote ya kikundi. Akajibiwa kwa ukali kwamba basi, imetosha. Wakati huo kufuli jipya la mwenye nyumba lilikuwa na siku mbili mlangoni.

Jumatano akaenda kwa mwenye nyumba. "Andika tu kwamba lilifungwa, mzee wangu. Inatosha."

"Serikali ikija kuniuliza, utanijibia wewe? Nilikufungia, naandika nilikufungia."

Alhamisi alilipa ule mwaka mmoja, ukameza akiba yake yote. Usiku alianza kumweleza mkewe mara tatu, "Mama Pacha, unajua...", na mara tatu akaishia kuomba chumvi. Chakula kikawa hakiliki.

Ijumaa wakasimama wote wawili dirisha la tatu. Alikuwa amemwambia ni saini tu, dakika moja. Lakini karani alikuwa na utaratibu wake: shahidi husomewa kwanza.

"'Nilimfungia duka kwa sababu alishindwa kulipa kodi ya pango ya miezi saba.' Mama, unathibitisha?"

Baba Pacha akatazama sakafu, akatazama feni, akatazama mlango wa kutokea. Mkewe alimgeukia, akamwangalia mpaka mtu wa nyuma yao kwenye foleni akakohoa.

"Nathibitisha," akasema, akatia saini.

Hati ikatoka kabla ya saa sita. Walipofika kwenye ngazi za nje, Mama Pacha akasimama.

"Kwa hiyo hukufunga. Ulifungiwa."

"Niliona aibu, mke wangu."

"Miaka minne nimekununia kwa kosa ambalo hukulifanya. Nilisema huyu mwanamume katupa kazi yake, katutupa na sisi. Ungeniambia, ningekuja nikasimama na wewe pale mlangoni. Sasa hili ulilolifanya, la kuninyamazia, niambie mwenyewe nikununie miaka mingapi."

Baba Pacha aliitazama hati iliyokuwa mkononi mwake, yenye muhuri wa serikali, inayosema hadaiwi kitu. Akaikunja haraka, akaificha mfukoni.