Mama alichuma asta za altare akidhani ni mboga, zikiwa zimebaki wiki saba tu misa ifike

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, huku upepo wa baridi unapekua mpaka chini ya blanketi.

Hili limenikuta mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na pale nilipokosea nimepaacha palivyo.

Mimi ni fundi cherehani, ila ugonjwa wangu ni maua. Mnaocheka, endeleeni tu, nimeshazoea.

Mdogo wangu alikuwa anapewa upadre, na misa yake ya kwanza ingekuwa parokiani kwetu. Kwenye kikao cha maandalizi nikaropoka kwamba maua ya altare yote ni juu yangu. Mama mwenyekiti wa kamati akaandika jina langu kwenye daftari.

Kuanzia siku hiyo usingizi wangu ukawa wa kuibia.

Nilichagua asta. Kwa wasiozijua, zina petali nyembamba nyingi kuzunguka kitovu cha njano. Kuna fupi za kupanga kando ya njia. Kuna za kudumu, zenye vijiua vya zambarau, hizo masista walinigawia na kila mwaka zinachipua zenyewe. Halafu kuna ndefu za kukata, zinaota kwa mbegu, zinachanua mara moja basi. Altare inataka ndefu. Nikachukua mbegu nyeupe.

Sasa udongo wa nyuma ya nyumba umechoka. Nikapiga ntumba, yale matuta ya duara ya kwetu Ufipa, unafukia nyasi ziozee ndipo unapanda juu yake. Kwetu ntumba ni za maharage, maboga, ulezi. Ua juu ya ntumba sijawahi kuliona kwa mtu mwingine, na wala sikuwaza kwamba hilo ni tatizo.

Mama akaja kutoka Matai kusaidia maandalizi.

Siku moja narudi mchana, nakuta ugali wa ulezi na mboga ya majani iliyoungwa karanga. Ilikuwa na uchungu fulani, lakini njaa nayo. Nilipofika nusu ya sahani nikauliza, "Mama, mboga gani hii?"

"Si hiyo yako ya kwenye ntumba, baba. Nimechuma vichwa tu, mashina nimekuachia yachipue. Ila mbegu hiyo usiirudie, ni chungu."

Wakuu, nilitoka mbio na tonge mkononi.

Ntumba zote zimekatwa vichwa, safi kabisa, kama anavyochuma majani ya maboga. Zilipona ntumba mbili tu, nyuma ya banda la kuku.

Nikarudi ndani nikamwambia mama, "Umeniharibia kila kitu." Alikusanya vyombo akaenda kuosha. Tangu siku hiyo hakukanyaga bustanini.

Nikampigia bwana shamba mmoja rafiki yangu, maana niliogopa nimekula sumu. Akasema haziui mtu. Akauliza kama karanga zilikuwa za kutosha.

Wiki zikawa zinakwenda. Zile mbili zilizopona zikachanua, nyeupe mpaka nikafurahi. Halafu nikahesabu siku. Bado wiki tatu. Baridi ikazipiga, zikawa kahawia zote kabla hata kwaya haijamaliza mazoezi.

Zilizochumwa zilikuwa zimetanuka, kila shina matawi matano, sita. Lakini vitumba vyake vya maua vilikuwa vya kijani, vigumu. Kila asubuhi nilikuwa navibonyeza kwa kidole kabla ya kunawa uso. Mama mwenyekiti akapiga simu, "Baba Leti, tununue tu?" Nikasema hapana. Nilipokata simu, nikarudi kuvibonyeza tena.

Jumatano ya wiki ya misa, bado.

Alhamisi nikaona weupe kwenye ncha.

Jumamosi asubuhi zilikuwa zimefunguka karibu zote. Nilikata ndoo saba, na nililia wakuu, sifichi.

Siku ya misa altare ilikuwa nyeupe tupu. Watu wananipa mkono, wananiuliza nimefanyaje shina moja kubeba maua yote yale. Nikawaacha, nikaenda alikokaa mama, nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Ungeziacha, leo altare ingekuwa tupu."

Akanishika mkono kuniinua. "Mimi nilijua nimeharibu misa ya mdogo wako," akasema. "Wiki zote hizi rozari yangu nimeisali kwa ajili ya mboga."

Nilichojifunza: asta ndefu zikiwa bado changa, kata vichwa, zitatoa matawi, ila zitachelewa, kwa hiyo piga hesabu yako mapema. Na mama akikosea, kaa kimya kwanza. Yale maneno yangu ya siku ile bado yananiuma kuliko kitu chochote.

Wenye uzoefu wa kugawa mizizi ya zile za kudumu, naomba mnielekeze. Na kama humu yupo mwingine aliyewahi kula asta, ajitokeze, nisibaki peke yangu.