Spika Zilizoniita Jina la Utotoni

Nisikilizeni kwanza, mkimaliza ndio mniite muongo. Spika zangu ziliniita jina, mchana kweupe, wakati hakuna wimbo unaopiga na sebuleni niko peke yangu.

Tena si jina la kwenye kitambulisho. Ziliniita Kidole.

Hilo jina nilipewa utotoni kwa sababu kidole gumba kilikuwa hakitoki mdomoni. Waliokuwa wakiniita hivyo ni wawili tu duniani: marehemu bibi, na mama yangu ninayeishi naye.

Mama alikuwa chumbani kwake, ng'ambo ya ua, nikijua amelala. Sasa piga hesabu mwenyewe nani alibaki.

Mimi kazi yangu ni kuoka mikate. Naingia alfajiri, saa saba mchana niko nyumbani, unga hadi kwenye nyusi. Maisha yangu yote nilitamani kitu kimoja, muziki wa maana ndani ya nyumba, ule wenye besi inayokaa kifuani. Ila mfuko wangu ndio kama mnavyoujua mfuko wa muoka mikate.

Basi nikaungaunga. Spika mbili nilizing'oa kwenye gari lililokufa. Masanduku nikayatengeneza kwa mbao za kabati bovu, ndani nikasokomeza sponji la godoro la zamani ili besi isigongegonge. Amplifaya nikainunua kwa bwana mmoja anayekodisha vyombo vya sherehe. Dude zito, maandishi yote ya nyuma yamefutika.

Hela ilipelea. Mama akanimalizia.

"Ni akiba yangu tu," alisema. "Chukua, mwanangu, ufurahi."

Nikachukua. Sikuuliza hata nusu swali.

Kwa shukrani nikamtengenezea spika ya tatu, ya chumbani kwake. Mwisho wa waya wake nikafunga plagi niliyoitoa kwenye maiki iliyovunjika, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Nyuma ya amplifaya kulikuwa kumebaki tundu moja. Plagi ikaingia sawasawa, nikajiona fundi.

Ile spika haikutoa hata mlio. Mama akasema nisijisumbue, akaisogeza karibu na kitanda ikawa meza yake ya kuwekea glasi na simu.

Sebuleni lakini, jamani, muziki ulilia mpaka jirani akaja kuniuliza nimeokota wapi hela.

Siku ya tatu wimbo uliisha, kukawa kimya. Ndipo nikasikia mtu anapumua.

Pumzi nzito. Inakwenda, inakwama, inarudi. Inatoka kwenye spika zote mbili.

Nikachomoa waya ukutani, nikajiambia ni uchovu wa tanuri. Kesho yake nikawasha tena. Safari hii dude likakohoa, nikazima tena.

Nilikwenda kwa yule bwana wa vyombo, nikajikaza, nikamuuliza mashine ilikuwa ikifanya kazi gani. Akanijibu huku anakunja turubai, wala hanitazami, kwamba harusi imezipigia chache, ila misiba ndiyo imeitumikia zaidi.

Nilirudi nyumbani. Mama nilimficha. Ana presha, sikutaka kumpandishia bure.

Sasa ikaja siku yenyewe. Niliwasha nijue moja. Sikuweka wimbo, nikaongeza sauti, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango, tayari kwa mbio.

Kimya. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, chini chini, imefunikwa kama mtu anaongea ndani ya mtungi.

"Kidole hajui."

Nilihisi nywele zinasimama moja moja. Nikang'ang'ania kiti kwa mikono miwili. Nikajua bibi amenifuata.

"Asijue kabisa. Mwezi huu ukiisha, yatakuwa yamekwisha."

Yaani maisha yangu. Nilijiona nimelala, watu wamenizunguka, na hii hii amplifaya ndiyo inayotangaza msiba wangu. Niliogopa, ndugu zangu. Nilimwomba Mungu kwa sauti, mtu mzima, machozi yananitoka.

Ile sauti ikavuta pumzi, ikakwama, ikaendelea.

"Hela za dawa nilimpa akamalizie mashine yake. Mwache afurahi, mdogo wangu. Vidonge ninavyo vitano tu, nameza ninapozidiwa, mwezi ukiisha nitanunua vingine."

Hapo hofu ya jini ikanitoka yote. Ikaingia nyingine, na hii ilikuwa mbaya zaidi.

Sikumbuki nilivukaje ua. Nilisukuma mlango, nikamkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, simu sikioni, mkono mmoja kifuani, ameinamia ile spika iliyo bubu. Anaongea na mama mdogo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Nani kakwambia?" akaniuliza.

"Wewe mwenyewe, mama."

Nilimbeba mgongoni hadi barabarani. Hospitalini daktari alimpima presha mara mbili, akaniuliza kwa hasira alikaa wiki ngapi bila dawa. Alisema ningechelewa siku mbili tatu ningekuja kuchukua maiti.

Fundi redio ndiye aliyenieleza baadaye. Lile tundu lilikuwa la maiki. Spika ukiichomeka hapo haitoi sauti, inanasa sauti. Nilikuwa nimemtegea mama yangu maiki kitandani bila kujua, na ile pumzi na kikohozi vilivyonitisha vilikuwa vyake.

Zile spika za sebuleni na masanduku yake niliziuza, dawa zikanunuliwa. Nimebaki na amplifaya na kispika kimoja cha redio mbovu. Waya wa chumbani kwa mama sijaugusa. Yeye anajua, na ananisema kupitia humo humo: "Kidole, nimeshameza, zima hilo dude upumzike."

Sizimi. Nikitoka kazini nawasha, nakaa na unga wangu, nasikiliza anavyopumua usingizini. Pumzi ikichelewa kidogo nakuwa nimeshasimama, mkono uko kwenye kitasa.

Wewe unayesoma hapa, mzazi wako akikupa hela na kukwambia ni akiba, kaa naye umuulize imetoka wapi. Mimi niliambiwa na spika, na nilikuwa nimeshaizima mara mbili.