Mkoba Uliobaki Msumarini

Mtu aliyemwokoa mwanangu alikuwa amezikwa tangu mvua za mwaka uliotangulia. Usidhani nimeota, mke wangu alikuwepo, na behewa zima lilimwona.

Ilikuwa siku za Wabelgiji. Nilikuwa karani wa stoo huko Kolwezi, na katika kambi yetu ya wafanyakazi kila nyumba ilikuwa na mkoba wa hatari: blanketi, chumvi, unga wa muhogo, kuni chache kavu, na kiberiti ndani ya chupa iliyozibwa kwa nta ya mshumaa. Wangu ulikaa chini ya kitanda, umepangwa vizuri kuliko ya majirani wote. Tulipoondoka kwa treni kwenda kwenye ubatizo Mutshatsha, nikauacha. Nani hubeba mkoba wa hatari kwenda kwenye sherehe? Mke wangu akanicheka mlangoni, akiniita baba kwa Kiswahili cha kwetu: "Tata, ile mufuko iko nachunga kitanda?"

Njiani mvua ikala tuta la reli. Treni ikasimama porini. Mbele hakuna njia, nyuma maji yamefunika reli. Paa la behewa letu likavuja hadi nguo zote zikalowa. Mtoto wetu, aliyekuwa bado ananyonya, alilia mchana kutwa. Jioni akanyamaza. Mke wangu akamgusa miguu, akanitazama. Ilikuwa ya baridi kama chuma, na titi hakulitaka tena. Tuliomba moto kwa kila abiria. Viberiti vyote vilikuwa vimegeuka uji.

Ndipo akaja mtu akitembea juu ya reli, peke yake, amevaa koti la wafanyakazi wa reli. Mvua ilikuwa inamwagika, na koti lile lilikuwa kavu. Wewe ungeuliza? Mimi sikuuliza. Alifungua mkoba wake, akang'oa nta ya chupa kwa meno, akawasha kuni zake ndani ya ndoo ya bati pale mlangoni. Mke wangu akamkalisha mtoto karibu na joto, akamsugua, hadi akalia tena na kushika titi.

Yule mtu alikuwa akinitazama mimi tu. "Tata, mufuko yako iko wapi?"

Nikamjibu kwamba umebaki nyumbani.

"Yangu pia ilibakia ku nyumba," akasema, mkoba ukiwa mkononi mwake.

Akaondoka kuelekea kwenye maji. Chupa akatuachia.

Reli ilipotengenezwa tukafika Mutshatsha; wenyeji wetu walisikiliza habari za yule mtu, kisha wakatupeleka kwa mjane jirani yao. Mume wake aliitwa ghafla kutengeneza reli wakati wa mafuriko ya mwaka uliotangulia, akaenda mikono mitupu, akafa kwa baridi mahali pale pale treni yetu iliposimama. Mkoba wake ulikuwa umetundikwa msumarini, umejaa vumbi, na fundo ni lile alilolifunga mjane mwenyewe siku ya matanga. Akalifungua mbele yetu. Kila kitu kilikuwemo, isipokuwa kuni na chupa. Akaitazama ile niliyoishika.

"Ile nta, ni mi nilitia," akasema. Hakutaka kuigusa.

Mwanangu sasa ana watoto wake. Mimi sisafiri bila mkoba, hata nikienda mtaa wa pili, na majirani hunicheka. Lakini wewe unayenisoma ukiwa safarini, wako uko wapi saa hii? Kama umebaki chini ya kitanda, basi huna mkoba.

Tangu mwaka ule, mjane alituambia miaka mingi baadaye, kila mvua za kwanza zikinyesha huukuta mkoba wa mumewe umelowa chapachapa, pale pale msumarini. Paa lake halivuji.